Msiba wa Ngao ya Ruhuwiko

Tulimwacha Odilia amesimama mbele ya mgeni wake, pindo la shuka jeupe mkononi, mdomo wazi. Ninyi mliolikosa toleo lililopita msihangaike kuazima gazeti kwa jirani, nitawaambia mwenyewe. Chini ya shuka lile ilitakiwa iwepo ngao ya Wangoni, ngao ya ngozi ya ng'ombe iliyotunzwa na ukoo mmoja tangu enzi za mababu. Shuka lilipovutwa, ngao haikuwepo. Mahali pake, juu ya meza, alikuwa amelala mzee mzima, chali, mikono kifuani, macho kayafumba, soksi za bluu zinachungulia chini ya suruali.

Kinamama waliokaa kwenye mikeka walipiga yowe. Mmoja alikimbilia mlangoni akamkumba muuza maandazi. Katibu wa kamati ya makumbusho, Bwana Dastan, ambaye siku zote husema yeye ni mtu wa taratibu, alirudi nyuma taratibu hadi akafika kwenye vikapu vya Wamatengo na kukikalia kimoja.

Odilia hakupiga yowe. Alichowaza ni kwamba mtu amefia ndani ya makumbusho yake siku ya ukaguzi, na kwamba jambo la namna hiyo halikutajwa popote katika ombi la ruzuku.

Ndipo maiti ikafungua jicho moja.

"Nasikia harufu ya chai," ikasema. "Lakini mimi sinywi mpaka nikombolewe."

Alikuwa Mzee Ramson. Nani Ruhuwiko asiyemjua Mzee Ramson? Mhehe wa Iringa, alikuja Songea kijana kufundisha hesabu, akastaafu, akajenga karibu na uwanja wa ndege, na kwao hakurudi tena. Wangoni wote wa mji huu ni watani wake, na yeye utani hauchukulii mchezo. Kwenye misiba ya Wangoni amewahi kujilaza kaburini, amewahi kuondoka na sufuria la wali likiwa bado jikoni, na amewahi kumnyang'anya padri mwavuli kwa kuwa tu padri naye ni Mngoni.

Odilia alimjua vizuri. Mzee huyo ndiye aliyemfundisha kugawanya kwa mkato. Leo alitamani kumgawanya yeye.

"Huyu ni sehemu ya maonyesho?" aliuliza mgeni.

Mgeni mwenyewe aliitwa Bi Nasma, mkaguzi wa Mfuko wa Urithi wa Miji. Mwanamke mwembamba, ushungi wa kijivu, maneno machache, na kishikwambi ambacho hakukiweka chini tangu ashuke kwenye ndege asubuhi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshaona mengi katika kazi yake, lakini maiti inayodai chai ilikuwa bado hajaiona.

Ili mnielewe kwa nini Odilia hakuona la kuchekesha, niwaambie kilichokuwa kinapiganiwa. Makumbusho haya si yale makubwa mnayoyajua ya vita vya Majimaji. Haya ni ghala la zamani la mahindi pale Ruhuwiko ambalo Odilia, baada ya kuacha kufundisha, alilisafisha kwa mikono yake akaanza kukusanya sanaa za watu wa Songea. Humo mna vikapu vya Wamatengo, vyungu vya Wanyasa kutoka ziwani, mikeka ya ukili ya kinamama wa Kiyao wa Namtumbo, picha za watakatifu zilizochorwa na mafundi wa parokia, hadi vibao vya vinyozi vyenye vichwa vilivyonyolewa panki. Aliwaomba watu vitu vyao, wakampa, kwa ahadi kwamba vitapata nyumba.

Tatizo ni kwamba nyumba yenyewe si yake. Mwenye ghala ni mfanyabiashara wa mbolea, na mbolea inaleta faida kuliko vyungu. Alishasema ruzuku isipotoka safari hii anarudisha mifuko yake ndani, na kwa kuwa ni mtu wa vitendo, mifuko ya kwanza alishaipanga barazani. Harufu yake ilikuwa inaingia na wageni.

Masharti ya Mfuko yalikuwa mawili tu, na Odilia aliyajua kama sala ya asubuhi. Kila kitu kilichotajwa katika ombi kiwepo na kiwe salama. Na mpangilio wa maonyesho uwe uleule ulioidhinishwa, bila kuongeza wala kupunguza. Ukiguswa, ombi linarudi mwanzo na mnangoja mwakani. Na mwakani ghala lingekuwa limejaa mbolea hadi darini.

"Huyu si sehemu ya maonyesho, Bi Nasma," Odilia alijibu. "Huyu ni jirani."

Bi Nasma aliandika kitu kwenye kishikwambi. Odilia angetoa kidole chake kimoja ili ajue ameandika nini.

Bwana Dastan alikuwa ameshajinasua kutoka kwenye kikapu na kupata tena hadhi yake. Akatangaza kwamba huu ni wizi wa mali ya urithi, kwamba anapiga simu polisi, na kwamba kila mtu abaki alipo. Mzee Ramson alimwambia hana mpango wa kwenda popote, amekufa.

Odilia alimshika Dastan mkono na kumvuta pembeni. Alimweleza kwamba polisi wakiingia tu, habari itafika mtaa wa Mfaranyaki anakokaa mwenye ngao kabla ya wao kukaa, naye ataona makumbusho hayawezi kutunza hata ngozi ya ng'ombe. Ataidai. Akiidai yeye, wenye vikapu watadai vikapu vyao, wenye vyungu vyungu vyao, na hadi jioni kutabaki kuta tupu na harufu ya mbolea. Dastan, ambaye si Mngoni wala Mhehe, ametokea Bukoba kwa uhamisho na mambo ya watani yanamchanganya kichwa, aliuliza sasa huyu mzee amekosewa nini hasa.

Swali lilikuwa zuri, na mzee alilijibu akiwa palepale mezani, macho kafumba.

Alisema amepita asubuhi akienda kununua vocha. Dirisha lilikuwa wazi. Akaona ngao ya Mngoni imelazwa chali juu ya meza katikati ya chumba, imefunikwa shuka jeupe. Akaona kinamama wamekaa chini kwenye mikeka, wamejifunga khanga, wananong'ona. Akaona chai inachemshwa uani kwenye sufuria kubwa. Akauliza moyoni mwake, kuna nini hapa? Akajijibu mwenyewe kwamba pana msiba wa Kingoni, na mtani hakuambiwa.

"Nimeishi na watu hawa miaka yote hii," alisema, "wanazika bila kunipa taarifa? Walipotoka kwenda kumlaki mgeni, nikaingia, nikaitoa ngao yao, nikalala mimi. Mtu mwenye akili zake angefanya nini kingine?"

Kinamama walitazamana. Wangoni kati yao waliinamisha vichwa, maana ukweli ulikuwa mtupu. Wao wenyewe walipoingia asubuhi na kuona lile shuka, mmoja alikuwa amevua viatu na mwingine alikuwa ametafuta kikapu cha rambirambi kwa macho.

Na nani aliyetaka shuka jeupe? Odilia. Aliona kwenye televisheni jinsi wanavyozindua vitu mahotelini Dar es Salaam, kitambaa kinavutwa, watu wanapiga makofi, akasema naye atafanya hivyohivyo. Amezaliwa Songea, amekulia Songea, halafu anamlaza Mngoni chini ya sanda mbele ya dirisha na kumwachia Mhehe apite. Alijiona mjinga, na kwa kweli siku hiyo alikuwa mjinga, tusimfichie.

Wakati bado anajilaumu, bodaboda ilisimama barazani. Akateremka Bibi Benigna.

Bibi Benigna ndiye mwenye ngao. Mwanamke mfupi, mnene, sauti ya kuongoza kwaya, binti wa mwisho aliyebaki wa ukoo ule. Alikuwa amechelewa kwa kuwa alikuwa saluni. Odilia alimwona akiingia na nywele zake mpya, akamkimbilia.

"Shikamoo, Bibi," alisema haraka. "Bibi, kuna jambo limetokea, naomba usi..."

Bibi hakumsikia. Alikuwa ameshaona meza. Alitembea polepole hadi pale, akamtazama Mzee Ramson kuanzia soksi hadi upara, akawageukia kinamama.

"Amekufa saa ngapi?"

Wakamwambia asubuhi hii. Bibi akaweka mkoba chini, akajifunga khanga kiunoni, akaanza kumlilia. Lakini kilio gani hicho, wasomaji wangu. Alilia kwa furaha. Alimshukuru Mungu kwamba hatimaye mbwa wa Ruhuwiko watalala kwa amani. Alisema kila mbwa aliyewahi kupotea mtaa huu leo ndugu zake watajua aliishia kwenye sufuria la nani. Akaongeza mengine kwa Kingoni ambayo gazeti linaloingia majumbani haliwezi kuyachapa.

Maiti ilitikisika kwa kucheka, kisha ikajikaza. Ikajibu kwamba ngao yenyewe ndiyo iliyoomba kuondoka, kwa kuwa ilichoka kukaa na watu ambao zamani walipofika kupigana na Wahehe walijifunza kitu kimoja tu, kukimbia kinyumenyume.

Ghala zima liliangua kicheko. Hata muuza maandazi alirudi. Aliyekuwa hacheki ni Bi Nasma, aliyeendelea kuandika, na Odilia, aliyekuwa akimtazama Bi Nasma anavyoandika.

Odilia alimsogelea bibi na kumnong'oneza kwamba mgeni anaondoka na ndege ya alasiri, kwamba ngao isipoonekana kabla ya hapo kila kitu kimekwisha, na kama angeweza kumwamuru mtani wake ainuke.

Bibi Benigna aliacha kucheka. Alimshika Odilia kidevu kama anavyoshikwa mtoto aliyetoka nje bila kunawa.

"Mjukuu wangu, utani haukatizwi. Mtani akishalala, anakombolewa. Ukimwinua kwa nguvu umeutukana ukoo wangu, na ngao yangu haitakaa tena humu. Muulize anataka nini, mpe, yaishe."

Akaokota mkoba wake, akasema msiba haumaliziki watu hawajala, akaenda uani kusimamia ugali. Sauti yake ilisikika huko nje ikimfokea mtu kuhusu chumvi.

Basi wakaanza kumuuliza marehemu anataka nini. Dastan, ambaye sasa alikuwa ameanza kunogewa, alimwahidi kreti la soda. Mzee alikataa. Akamwahidi jogoo. Mzee aliuliza kama jogoo huyo ni wa Bukoba, akaambiwa ni wa hapa, akakataa. Kinamama wakamwahidi kumpikia wiki nzima. Alisita kidogo hapo, nisiseme uongo, lakini akakataa.

Kisha akaketi mezani, akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kitu kilichokunjwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni. Kilikuwa kitambaa cha kochi. Kitambaa cheupe cha kutandika mgongoni mwa kochi, kimedariziwa tausi wawili wanaotazamana, mikia yao imeshonwa kwa nyuzi za kijani, bluu na dhahabu, na ukingo wote ni wa kufuma kwa mkono.

"Mtundike hiki ukutani," alisema. "Mkishakitundika, nafufuka."

Odilia alikifahamu kitambaa hicho kwa kusimuliwa. Mzee aliwahi kufika kwenye kikao cha kamati na kuomba kazi ya marehemu mkewe iwekwe kwenye maonyesho, na Odilia mwenyewe, kwa upole wote na kikombe cha chai, alimkatalia bila hata kukikunjua. Alimweleza kwamba maonyesho ni ya sanaa zilizojenga historia ya mji, na vitambaa vya makochi, mzee wangu, viko kila nyumba.

Leo mzee alimkumbusha maneno yale, bila hasira. "Uliniambia viko kila nyumba. Nikaenda nyumbani nikalifikiria jambo hilo. Kama viko kila nyumba, basi mji mzima umeshona, na nyie hamkuona. Mmeweka Mngoni, Mmatengo, Myao, Mnyasa. Sawa, ni wenyeji. Na sisi tulioletwa na mabasi, wake zetu walikuwa wanafanya nini jioni zote hizo?"

Hakuna aliyecheka. Odilia alitamani kusema ndiyo palepale, lakini aligeuka kwanza kumtazama Bi Nasma.

"Tukiongeza kitu kimoja tu?" aliuliza.

Bi Nasma alisikitika kwa dhati, na hilo lilimwongezea Odilia uchungu. Alisema masharti hakuyatunga yeye, yeye anayasimamia tu. Kikiongezwa kimoja, mpangilio umeguswa. Ngao isipoonekana, vilevile. Kisha akatazama saa yake, akauliza ni wapi karibu na hapo anaweza kuswali adhuhuri, na binti mmoja akampeleka nyumba ya pili. Alisema atarudi baada ya muda mfupi, inshallah, na kwamba atakachokikuta ndicho atakachokiandika.

Alipotoka tu, Dastan alimrukia Odilia. Akili ya taratibu ilikuwa imempatia suluhisho. Atundike kitambaa sasa hivi, mzee ainuke, ngao irudi mezani. Kisha kabla mkaguzi hajamaliza kuswali, kitambaa kishushwe na kukunjwa, mzee ashukuriwe, apewe ugali. Mkaguzi akirudi anakuta ngao ipo, ukuta uleule, ruzuku mkononi. Mzee alitaka kitundikwe, kitakuwa kimetundikwa. Hakusema kwa muda gani.

Nisingependa kuwaambia kwamba Odilia alikataa. Alikubali. Alitazama mifuko ya mbolea barazani, akawaza vyungu vya watu waliomwamini, akasema lete nyundo.

Kitambaa kikatundikwa kati ya mtakatifu wa parokia na kibao cha kinyozi. Mzee Ramson aliteremka mezani akajinyoosha viungo, mifupa ikalia. Akauliza kama Wangoni wanakiri wamemkomboa mtani wao. Wakakiri. Akawaomba kinamama wa Kingoni waliokaa kwenye mkeka mkubwa wasimame.

Walisimama. Akafunua mkeka. Ngao ilikuwa pale chini, salama salimini, imefunikwa gunia safi ili isipate vumbi.

"Mmeikalia tangu asubuhi," aliwaambia. "Nyie ndio walinzi wake, au siyo?"

Hapo ndipo kicheko kilipovunja watu mbavu. Mama mmoja alilazimika kushikiliwa. Katika kelele hizo Dastan aliibeba ngao, akailaza mezani, mara hii bila shuka, akamkonyeza Odilia na kumwonyesha kigoda kwa kidevu. Mkaguzi alikuwa anakaribia kumaliza.

Odilia alipanda kigoda. Alishika pembe moja ya kitambaa. Akiwa karibu namna ile aliona ambacho hakukiona hapo chini: kila nyoya la mkia lilikuwa na rangi yake, hakuna mawili yaliyofanana, na tausi wa kulia jicho lake lilikuwa limefumuliwa na kushonwa upya, labda kwa sababu mshonaji hakuridhika. Kazi ya jioni nyingi. Yeye aliyejiita mtu wa sanaa hakuwa hata ameomba akione.

Akageuza macho chini. Mzee Ramson alikuwa amesimama nyuma yake. Alikuwa ameishika kofia yake kifuani. Hakuwa anatania mtu. Alikuwa anautazama ukuta tu, na midomo yake ilikuwa ikisogea kidogo kama anamweleza mtu jambo.

Dastan alikohoa. Akakohoa tena. Odilia alisikia kandambili za mgeni zikilia kwenye kokoto za uani, akajua hii ndiyo nafasi yake ya mwisho. Mkono wake ulikuwa bado kwenye pembe ya kitambaa.

Aliuondoa. Akainyoosha ile pembe vizuri, akashuka kigodani, mikono mitupu.

Sasa msinilaumu mimi, na yeye pia msimlaumu. Moyo ulimkataza, basi.

Bi Nasma aliingia. Aliiona ngao mezani, akatikisa kichwa kuridhika. Kisha akauona ukuta. Alikitazama kitambaa kwa muda ambao Dastan baadaye aliapa ulimzeesha. Mwishoni alitoa simu, akasema jambo hili liko juu ya uwezo wake, akampigia Mkurugenzi wa Mfuko na kuweka sauti wazi ili wote wasikie.

Mkurugenzi alikuwa na sauti ya mwanamke mwenye haraka. Aliuliza swali moja tu: mpangilio ni uleule walioidhinisha?

Bi Nasma alimtazama Odilia. Halafu akamnyooshea simu. "Jibu wewe, dada yangu. Makumbusho ni yako."

Odilia aliishika simu kwa mikono miwili. Angeweza kusema chochote. Dastan alikuwa anatikisa kichwa juu na chini kwa nguvu zote, kumwonyesha jinsi ndiyo inavyosemwa.

"Umebadilika, mama," alisema. "Tumeongeza kitambaa cha kochi. Nilikikataa mwanzo, nilikosea. Sitakishusha."

Ile sauti, ikiwa imepungua haraka, ikauliza kimeshonwa na nani. Odilia alifungua mdomo akagundua hajui. Siku zote alikuwa akisema marehemu mke wa Mzee Ramson. Alimtazama mzee.

"Noela," alisema mzee, karibu na simu, kama anayeogopa kulichubua jina. "Noela wangu."

Mkurugenzi alisema wamsikilize vizuri. Bodi inakaa jioni hii, na yeye ana ruhusa ya kutetea badiliko moja kama sababu ni nzuri. Liandikwe jina la mshonaji kwenye kadi, ibandikwe chini ya kazi yake, ipigwe picha na kutumwa kabla mkaguzi hajapanda ndege. Atasimama nayo mbele ya bodi. Lakini jina liwe la kweli. Kuna mji mmoja waliwahi kutangaza fundi asiye mwenye kazi, Mfuko ukaaibika, na tangu siku hiyo bodi haisamehe kosa hilo. Wakigundua jina si sahihi, ruzuku haitoki leo wala mwakani.

Odilia alimhakikishia. Alisema anaweka dhamana jina lake mwenyewe. Simu ikakatika.

Kelele zilizofuata zilitikisa mabati. Dastan alimkumbatia Mhehe, Mhehe akamkumbatia Mngoni, muuza maandazi akagawa maandazi bila kuuliza nani analipa. Odilia aliandika kadi kwa mwandiko wake bora wa ualimu: NOELA, RUHUWIKO. Akaibandika chini ya tausi. Mzee Ramson aliisoma, akatoa leso, akajifanya anafuta miwani, wakati hana miwani. Odilia naye alilia, wazi kabisa, wala hakutafuta kisingizio.

Bi Nasma aliinua kishikwambi apige picha. Kwa mara ya kwanza tangu afike alikuwa anatabasamu.

Wakati huo ndipo Bibi Benigna alipoingia kutoka uani, mwiko mkononi, jasho usoni, akija kuwaambia marehemu na waombolezaji ugali uko tayari. Alifika katikati ya chumba akakiona kile kitambaa, ambacho kilitolewa yeye akiwa jikoni. Alisimama. Akasogea karibu. Akaisoma kadi kwa sauti ndogo, kisha akamgusa Bi Nasma bega.

"Mwanangu, shusha hicho chombo kwanza," alisema. "Hao tausi nimewashona mimi."

Odilia alidhani ni utani bado unaendelea, akaanza kucheka, akaona kwamba anacheka peke yake. Bibi hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anamtazama Mzee Ramson, na ile sauti yake ya kwaya ilikuwa imeshuka chini kabisa.

"Noela alikuja kwangu kwa siri akaniomba nimshonee. Akaniapisha nisikwambie, mtani. Wala nisikwambie kwa nini."

Mzee Ramson akatafuta mahali pa kukaa. Kwa nini Noela alimwapisha bibi, na kadi iliishia na jina la nani, ngojeni toleo lijalo.